Kukamata treda wa hesabu kwa biashara ya shaba na zahabu: namna tunafanya hapa Lubumbashi

Naandika hii kwa bandugu benye beko na biashara ndogo ao ya katikati ya metali hapa Lubumbashi, ba papa na ba mama benye bananunua katodi (mabamba ya shaba safi), banapakiza kamio, banapitisha ku mupaka wa Kasumbalesa, kisha banangojea makuta wiki na wiki wakati bei ya London inapanda na kushuka sawa joto ya mutu wa malaria. Zamani ulikuwa unaweza kuishi na simu ya broka na akili ya soko tu. Leo bei inasukumwa na mashini, na bengi kati yetu tumeanza kusema basi na sisi tukamate, maana yake tupe kazi, treda wa hesabu, ule mwenye banaita kwanti, mwenye anatumia hesabu na kompyuta kujua wakati wa kununua na kuuzisha, atushikie haya maneno.

Mimi nilishakamata babili. Wa kwanza alinitosha makuta mingi mu mukono, na kosa ilikuwa yangu kupita yake juu sikujua ni kazi gani nilikuwa namupa. Wa pili iko na sisi mpaka leo. Kati ya hawa babili njo nilijifunza yote naandika hapa, na nalomba musome mpaka mwisho mbele ya kutuma ata tangazo moja.

Mbele ya kutafuta mutu, pima shimo yako

Kamata karatasi. Andika uko na tani ngapi zenye bei ya kununua ilishafungwa lakini bei ya kuuzisha ingali wazi. Hiyo njo shimo yako. Mfano uko na tani 200 za katodi njiani. Kontra moja (loti) ya shaba ku LME, soko ya metali ya London, ni ahadi ya karatasi ya kununua ao kuuzisha tani 25 tarehe ya mbele kwa bei yenye imefungwa leo, kwa hiyo tani 200 ni loti 8. Bei ikishuka dola 100 kwa tani umepoteza dola 20,000 na hakuna mutu amekuibia. Kama hujui hesabu hii ya kampuni yako mwenyewe, ata ukamate profesere hatakusaidia, juu atatengeneza dawa nzuri ya ugonjwa wenye hauna.

Kisha chagua kazi. Hapa njo batu bengi banachanganya. Iko treda wa kukufunika, maana yake unapakiza metali huku, yeye anauzisha kontra kule London, bei ikianguka ile unapoteza ku metali unaipata ku karatasi. Iko treda wa kukamata tofauti ya bei kati ya soko na soko, tuseme COMEX ya New York na LME ya London na ile ya Shanghai. Na iko treda wa kubashiri, mwenye anaweka makuta yako juu modeli yake inasema bei itapanda. Hizi ni kazi tatu, sawa vile dereva wa kamio, dereva wa taksi na fundi wa moteri ni batu batatu ata kama bote banajua gari.

Nasema wazi mawazo yangu: kampuni yenye inaishi ku metali ya kweli itafute ule wa kwanza, na kama iko na nguvu ya kutosha aongezee kidogo ya pili. Wa tatu muachie bale benye makuta yao imeshawekwa pembeni kwa kupotea. Lakini matangazo yote naona hapa mujini inaita wa tatu, "tunatafuta treda mwenye anaweza kuleta faida kila mwezi", na wenye banajibu ni paka bale benye banajua kuahidi.

Kwa bandugu wa Bukavu na kule kote Kivu benye banashugulika na zahabu, sikieni kwanza. Kama unanunua leo na unauzisha kisha siku mbili tatu kwa bei ya ile siku, shimo yako ni ya siku mbili tatu tu, hauna lazima ya kwanti. Uko na lazima ya mizani ya kweli, mutu wa kupima usafi wa zahabu mwenye habebwi na mutu, na mutu wa kufuata bei ya London yenye inatoka mara mbili kwa siku, 10:30 na 15:00 saa za kule. Kwanti anaanza kuwa na maana pale stoki inalala wiki nyingi, ao pale umekopa makuta juu ya zahabu yenye haiyafika.

Na kobalti iko na mambo yake. Sisi Congo tunatoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia lakini soko ya kontra za kobalti ingali nyembamba sana, tena kile tunauzisha si metali safi, ni hidroksidi, inalipwa kwa asilimia fulani ya bei ya metali, na ile asilimia nayo inatembea. Kisha tarehe 22 Februari 2025 serikali ilifunga kutosha kobalti inje, ikaongeza miezi, mpaka tarehe 16 Oktoba 2025 njo kota (mipaka ya tani za kutosha inje) zilianza, tani 18,125 kwa mwisho wa 2025 na tani 96,600 kwa mwaka mu 2026 na 2027. Hakuna modeli yenye ilikuwa imejifunza ile tarehe. Kwa hiyo mutu akikwambia atakufunikia kobalti yako yote ku soko, muulize kwa upole: nani iko upande wa pili wa ile kontra, na siku unataka kutoka, nani atakufungulia mulango?

Anapashwa kujua hesabu, na anapashwa kujua metali

Ya hesabu siko na maneno mingi, iko ya kawaida: takwimu, mufuatano wa bei kwa wakati, Python na SQL (lugha za kompyuta), na uvumilivu wa kusafisha data chafu, juu data zetu ni chafu, ma Excel yenye mutu mumoja ameandika tani na mwengine kilo. Kama anajua opsioni, ile haki ya kununua ao kuuzisha kwa bei fulani bila kulazimishwa, muzuri zaidi. Usitishwe na majina ya modeli. Mutu mwenye anaelewa wastani, mutawanyiko na uhusiano kati ya bintu bibili, na anajua wakati gani ule uhusiano unavunjika, anashinda mwenye amekariri majina kumi.

Ya metali njo batu bengi banaanguka. Anapashwa kujua ya kama bei ya kontra yetu haifungwi siku ya kupakiza, inafungwa kwa wastani wa mwezi fulani, mara mingi mwezi wenye unafuata ule wa kupakiza ao wa kufika. Anapashwa kujua premi na dekoti, juu ya nini katodi fulani inalipwa chini ya bei ya LME na ingine juu. Anapashwa kujua ya kama LME haina depo hapa Congo, kwa hiyo katodi yako iko mu parsela Lubumbashi haiko kitu kimoja na shaba ya karatasi kule, kati yao iko barabara mpaka Durban, Dar es Salaam ao Walvis Bay, ao reli ya Lobito, na kila njia iko na siku zake na shida zake.

Na anapashwa kujua ile kitu banaita kontango na bakwardesheni, mu nyama ya mwili. Nitaeleza juu njo ilinipiga. Umeuzisha kontra ya mwezi fulani ili kujifunika. Makamio inachelewa ku mupaka. Bei yako sasa itafungwa mwezi unaofuata. Basi unapashwa kununua ile kontra ya karibu na kuuzisha ingine ya mbele. Kama ya karibu iko bei kali kupita ya mbele, hiyo njo bakwardesheni (kinyume chake njo kontango), unalipa ile tofauti kila mara unasukuma. Mara mingi ni kidogo. Lakini mu Oktoba 2021 tofauti kati ya shaba ya leo na ya miezi mitatu ku LME ilipita dola 1,000 kwa tani. Piga mara tani 200. Kamio kuchelewa ku mupaka inaweza kula dola 200,000, na dereva hajui, dwane hajui, ni treda wako tu mwenye alipashwa kujua.

Kwenye utamukuta

Usikimbilie Genève na Dubai. Kule beko, ndiyo, lakini mutu mwenye amezoea meza ya benki kubwa na mashini ya kila aina, ukimuleta hapa pa umeme unakatika na data iko mu karatasi, miezi mitatu anarudi. Anza karibu. UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, iko na batu ba hesabu na ba fizike, Polytechnique yake iko na ba enjinia benye banajua takwimu ya mawe, ESIS Salama, shule ya informatike, inatosha bana benye banajua programu muzuri. Angalia pia batu benye banafanya kazi ya mauzo na tresoreri mu makampuni ya kuchimba, mutu mwenye ametumia miaka mitano akilinganisha fakture na bei za LME iko na kitu mu kichwa yenye haifundishwi ku masomo. Na bana betu benye beko Johannesburg ao Ubelgiji, bengi banataka kurudia kama kazi ni ya kweli.

Kuhusu bijana benye banauzisha na kununua zahabu ku telefone, ile ya XAUUSD (bei ya zahabu kwa dola), sibacheki hata kidogo, bamoja kati yao beko na nidhamu kupita batu wakubwa. Lakini muwaulize karatasi ya akaunti, yenye broka anatuma yeye mwenyewe kwako, haiko foto ya ekra. Na muangalie ni makuta ngapi walitumia, kwa muda gani, na hasara kubwa kabisa kutoka kilele mpaka chini ilikuwa ngapi. Mutu mwenye alifanya asilimia 300 mu miezi mibili na akaunti ya dola 200 hajakuonyesha kazi, amekuonyesha bahati na deni kubwa ya broka nyuma yake.

Mu tangazo andika shimo yako, ndiyo vile: "tuko na tani hivi za katodi kwa mwezi, bei inafungwa hivi, tunatafuta mutu wa kutufunika na kutupimia hatari." Wenye banabashiri bataona haibahusu batapita. Umeshajipunguzia kazi nusu.

Mutihani

Hapa tumia wakati wako wote. Barua za sifa na diploma zinaonyesha kwenye mutu alipita, hazionyeshi anachofanya siku bei inamukimbilia.

Mutihani ya kwanza ni ya dakika kumi na inakataa batu bengi: hesabu ya bipimo. Shaba COMEX inasemwa kwa dola ku paundi, LME kwa dola ku tani. Mupe bei dola 4.50 ku paundi, muulize ni ngapi ku tani. Tani iko na paundi 2,204.62, jibu ni karibu dola 9,921. Kisha zahabu: kilo moja, usafi asilimia 92, bei dola 4,000 ku aunsi. Aunsi ya zahabu ni gramu 31.1035, haiko ile ya jikoni, kwa hiyo zahabu safi ni gramu 920, aunsi 29.58, dola kama 118,300. Haiko mutihani ya akili, ni ya uangalifu. Mwenye anatumia aunsi ya jikoni, ya gramu 28.35, ameshakukosesha karibu dola 11,500 ku kilo moja na kalamu ingali mu mukono.

Ya pili ni ya nyumbani, siku tano, na umulipe kidogo juu ya kazi, ni heshima. Mupe data ya bei ya shaba ya miaka kumi, na data ya ile ripoti ya Marekani ya CFTC yenye inaonyesha batu bakubwa beko upande gani wa soko. Mulombe atengeneze kanuni ya kununua na kuuzisha, aijaribishe ku miaka ya nyuma. Mutego iko hapa: ile ripoti inaandikwa tarehe ya Siku ya Pili (Jumanne) lakini inatoka Siku ya Tano (Ijumaa) jioni. Mutu mwenye hajui ataacha modeli yake inunue Siku ya Tatu na habari yenye dunia haikuwa nayo. Faida itakuwa tamu kabisa. Kila mara nikiona majaribio ya nyuma yenye mustari unapanda sawa ngazi, natafuta kwanza wapi aliona kesho.

Angalia tena kama alitia gharama ya broka, tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuzisha, na gharama ya kusukuma kontra kila mwezi. Angalia alijaribu kanuni ngapi mbele ya kukuonyesha moja. Muulize moja kwa moja. Mutu mwenye anajibu "Mama, nilijaribu makumi ine, tatu tu zilisimama, na moja kati ya tatu siamini", huyo mukalishe, mupe chai. Mwenye anasema alijaribu moja na ikafaulu, hapana.

Ya tatu ni ya siku mbaya, na hii ni ya mudomo. Tarehe 8 Machi 2022 nikeli ilipita dola 100,000 kwa tani ku LME, soko ikafungwa, na kontra zenye zilifanywa ile asubuhi zikafutwa. Muulize: modeli yako ilikuwa na faida ile asubuhi, imefutwa, na kwa broka mwengine uko na upande wa pili wenye haukufutwa, unafanya nini? Tarehe 20 Aprili 2020 petroli ghafi ya Marekani ilifunga dola 37.63 chini ya sifuri. Muulize hesabu zake za logariti zinafanya nini na bei yenye iko chini ya sifuri. Haiko lazima akuwe na jibu kamili. Angalia kama anatafuta wapi pesa itatoka ao anatafuta wapi kosa ilikuwa ya mwengine.

Na ya mwisho, ya marje, yale makuta ya rehani yenye broka anashikilia. Hii naiuliza kila mara juu ya kile kilitupata. Mu Aprili 2024 kijana wetu wa kwanza alitufunika muzuri ku karatasi, loti 8 kwa tani 200, hesabu safi. Bei ikapanda. Ikapanda tena, tarehe 20 Mei ikapita dola 11,000. Wakati umeuzisha kontra na bei inapanda, broka anakulomba makuta kila siku, hiyo njo apeli ya marje, na inalipwa leo, haiko wakati muteja atalipa katodi. Metali yetu ilikuwa imepanda bei vilevile, ndiyo, lakini ilikuwa ndani ya makamio. Huwezi kutuma katodi ku broka. Tulitafuta makuta kwa bandugu, kwa banki, siku ine sikulala, kisha tukafunga kontra zote na hasara. Mu Agosti bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 9,000 na katodi zetu zilifungwa bei ya chini bila kifuniko. Tulipoteza juu na chini. Ule mutoto alilia mu biro yangu, na mimi sikuwa na uso wa kumukaripia juu hakuna siku moja nilimuambia tuko na makuta ngapi ku banki.

Haikutupata sisi peke yetu. Ashanti Goldfields ya Ghana, mu Septemba 1999, benki kuu za Ulaya zilitangaza zitapunguza kuuzisha zahabu, bei ikaruka kutoka karibu dola 260 mpaka juu ya 320 mu siku chache, na kampuni yenye ilikuwa na zahabu kweli mu udongo ikakosa makuta ya kulipa marje, ikafika pembeni ya kuanguka. Mupe mukandida hadisi hii, muulize: siku ya kwanza ya kazi, ungeuliza nini mukurugenzi wa Ashanti? Jibu nangojea ni "makuta ngapi iko ku banki, na bei ikipanda asilimia 20 tutalipa na nini". Ule wetu wa pili alijibu hivi mbele nimalize kusema.

Neno moja ya lugha, tafazali musiipite

Hapa Lubumbashi mutu akisema "kuuza", bengi tunasikia kununua, na "kuuzisha" njo kutosha bintu kwa makuta. Mutu wa Goma, ama mwenye alisomea Dar es Salaam, "kuuza" kwake ni kinyume kabisa. Ku soko ya karibu tunacheka na inaisha. Ku simu ya broka inaweza kufanya loti 8 ziende upande mubaya, maana yake haziko loti 8 za kosa, ni 16, juu ulitaka kufunika na umeongeza. Sisi mu biro tumekataza "kuuza" kabisa wakati wa kupeleka oda. Ni "nunua" ao "uzisha", na inaandikwa, na mwenye anapokea anarudilia kwa sauti. Mukandida mwenye anauliza hii yeye mwenyewe wakati wa mutihani, muongezee alama.

Kontra, mushahara, na funguo ya sanduku

Weka mushahara wa kila mwezi wenye unamuwezesha kuishi bila kukimbiza bonisi, kwa dola, andika wazi. Juu ya bonisi fungua macho: usimulipe treda wa kukufunika kwa faida ya karatasi peke yake. Ukimulipa kwa faida ya karatasi, siku karatasi inapoteza, na inapashwa kupoteza siku metali inapata, ataanza kuogopa kukufunika, ataacha loti tatu wazi, kesho tano, na umegeuza fundi wako kuwa mubashiri na makuta yako mwenyewe. Pima karatasi na metali pamoja, ku mwisho ya miezi mitatu: tulitaka kufunga faida ya dola ngapi ku tani, tulifunga ngapi, ile tofauti imekuwa ndogo ao kubwa kupita mwaka jana. Kama unampa pia sehemu ndogo ya kucheza tofauti za masoko, basi asilimia yake ihesabiwe tu juu ya kilele cha zamani, akipoteza arudishe kwanza, na nusu ya bonisi ikae mwaka moja mbele ya kulipwa.

Sheria ya kazi ya 2002 (code du travail) inakuruhusu kumujaribu mpaka miezi sita kama ni mutu wa ufundi, lakini inapashwa kuandikwa, ukinyamaza ameshakuwa wa kudumu. Mugeni anahitaji karti ya kazi. Andika pia programu zote atatengeneza ni za kampuni na zikae ku mashini ya kampuni, kila siku, si siku anaenda.

Na funguo. Mutu mwenye anatuma oda asikamate karatasi za broka, na asiweze kutuma makuta. Karatasi za broka ziende moja kwa moja kwa kontabli, kwa adrese yenye treda hawezi kufungua, na malipo usaini weye. Mu 1996 Sumitomo ya Japani ilitangaza hasara ya shaba yenye ilifika dola bilioni 2.6, kazi ya treda wao Yasuo Hamanaka, alificha kwa miaka kama kumi juu aliachiwa sehemu mingi sana peke yake, na dunia nzima ilimuona bingwa. Sumitomo ilikuwa na makuta ya kubeba hiyo. Sisi hatuna. Mwambie treda wako siku ya kwanza ya kama haiko kumukosea imani, na mutu wa kweli atafurahi, juu siku makuta inapotea yeye iko na ushahidi.

Andika mipaka ku karatasi moja: loti ngapi mwisho, hasara ngapi kwa siku yenye anasimama na kukuita, metali gani haruhusiwi kugusa. Mbele ya kusaini, enda kwa banki na kwa broka uulize kredi ya marje watakupa ngapi. Kama jibu ni sifuri, usikamate treda, uzisha kwa bei yenye inafungwa siku ya kupakiza ata kama ni ya chini, iko salama kupita.

Miezi sita ya kwanza

Mwezi ya kwanza hakuna oda. Asome kontra zote za miaka mitatu. Aende Kasumbalesa akae siku mbili ahesabu makamio na kuongea na ba dereva. Aende ku laboratwari aone namna wanapima. Mwisho ya ule mwezi aandike karatasi: hatari za kampuni hii ni zipi, na ni zipi hatuwezi kufunika. Mwezi ya pili na ya tatu, loti moja moja. Kisha polepole mpaka mupaka wenye mulikubaliana.

Mujue saa pia. LME ya kompyuta inafungua 01:00 mpaka 19:00 saa za London, na sisi tuko mbele yao saa moja wakati wa joto yao, saa mbili wakati wa baridi. Shanghai inaanza asubuhi yao, kwetu ni 03:00 usiku. Hakuna mutu mumoja anaweza kuangalia yote hayo na kubaki na akili, kwa hiyo oda za kusimama, zile zinajifanya zenyewe bei ikifika pahali fulani, ziandikwe mbele ya kulala. Batri ya kutosha masaa nane, mitandao mibili ya kampuni tofauti, na namba ya simu ya broka iandikwe ku ukuta na kalamu kubwa, juu siku umeme na intaneti zinaenda pamoja, ni simu tu njo inabaki.

Kila asubuhi mbele ya 07:30 nataka karatasi moja ku meza: tani ngapi wazi, loti ngapi, bei, na makuta ngapi tutalombwa kama bei inapanda dola 300 na kama inapanda dola 1,000, pembeni makuta yenye iko ku banki. Hiyo namba ya mwisho njo naisoma kwanza.

Wa pili wetu, mu ile karatasi yake ya mwezi wa kwanza, mwanzo wa 2025, aliandika tusiguse tofauti ya New York na London ata kama inaonekana tamu, juu inasimama ku ushuru wa kuingiza shaba Marekani, maana yake ku saini ya mutu mumoja ku Washington, na hakuna data ya kupima saini. Ile tofauti ikapanda miezi na miezi, ba rafiki banatucheka, bamoja bakaingia. Tarehe 30 Julai 2025 Marekani ikasema shaba safi haitalipa ule ushuru, na kufika kesho yake bei ya COMEX ilikuwa imeanguka asilimia zaidi ya 20. Nilikuwa Kasumbalesa na makamio. Mesaji yake ilisema: "Mama, hatuna kitu kule. Karatasi ya asubuhi iko ku meza." Wiki ilifuata tulisaini kontra yake ya kudumu.